Ndama wa Pili

Habari ya kifo cha rafiki yangu Furaha ilinikuta nimeketi, maana siku hizi kazi yangu kubwa ni kuketi. Nilikuwa barazani kwangu Goma, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, wakati wenzangu wa rika langu wako sokoni na maofisini wakihangaika. Niliacha kazi nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Wapangaji wa vyumba vyangu tisa ndio wanaonilisha, na watu wa kanisa letu wamenigeuza mfano wa kuigwa. Kila baada ya miezi michache vijana wanakusanywa, napewa kipaza sauti, nawaeleza namna msichana asiye na kitu, aliyekuwa akigeuza fromaji, yaani jibini, huko Masisi, alivyojinyima, akanunua nusu ya ng'ombe, akafika hapa nilipofika. Wananipigia makofi, nami nayapokea bila haya. Asubuhi hiyo simu ililia, na sauti ilikuwa ya Sifa, binti yake Furaha, kutoka Kibua. "Mama mudogo," akasema, "mama ametuacha. Tutamuzika kesho kutwa. Alikuwa anakutaja sana." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nililia, na wapangaji wawili wakatoka kunipa pole, lakini sikuwaambia kwamba nalia kwa mambo mawili tofauti. Moja lilikuwa Furaha. La pili sikuwa nimemwambia mtu kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka ninaoutaja mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye ishirini na mitatu, na ng'ombe walikuwa wameanza kurudi vilimani baada ya vita vya kwanza vya Kongo. Tulifanya kazi kwa Papa Donatien, mzee mwenye malisho na kiwanda kidogo cha fromaji juu ya Masisi, na tulilala katika chumba kilichopakana na ghala. Ukuta ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeachana, kwa hiyo harufu ya fromaji ilituingia nguoni, nyweleni, hata kwenye Biblia ya Furaha. Asubuhi wanaume walishusha maziwa katika madumu tunayoyaita bido, sisi tukayapasha moto, tukatia dawa ya kugandisha, tukakata, tukakandamiza, tukaloweka katika maji ya chumvi. Baada ya hapo kila fromaji lilitakiwa kugeuzwa mara moja kwa siku na kupanguswa kwa kitambaa, rafu baada ya rafu, miezi miwili mizima. Ukiruka siku moja, upande wa chini unalowa na kuoza. Mimi nilipenda kazi hiyo kupita kiasi. Furaha aliichoka kufikia siku ya tatu, ila aliifanya kwa kuyasemesha yale mafromaji: "Weye, geuka, umelala sana. Na weye mama, mugongo inauma?" Nilicheka mpaka nikaangusha kitambaa. Chakula chetu kilikuwa viazi na maharage, na juu yake tuliyeyusha vipande vilivyokatwa pembeni mwa fromaji, vile visivyouzwa. Nimekula katika hoteli za Goma tangu siku hizo, na bado sijapata sahani iliyonishibisha namna ile.

Siku ya Jumapili Papa Donatien alipokea wageni sebuleni, nasi tulikuwa jikoni na mke wake, Mama Beatrice, tukisikia kila neno. Mzee alipenda kueleza utajiri wake. "Miye niliacha bière, niliacha tumbaku, niliacha na wanawake wa inje," alikuwa akisema. "Disiplini! Njo maana nilitoka ku kazi ya Leta, kazi ya serikali, na miaka arobaini, na sasa ninakunywa maziwa yangu bila bosi." Wageni wakaguna kwa heshima. Mama Beatrice, bila kuinua macho kwenye sufuria, akatunong'oneza: "Na kilima ya kaka yake mwenye alikufa bila mutoto? Iyo nayo aliinunua na bière yenye hakukunywa?" Furaha alicheka hadi akaketi juu ya gunia la viazi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikijifunza. Niliyashika maneno ya sebuleni na kuyaacha ya jikoni, na nimeishi hivyo karibu maisha yangu yote.

Kwetu vilimani, asiyeweza kununua ng'ombe mzima hununua na mwenzake. Ng'ombe anakuwa mmoja, wenyewe wawili, na ndama wanachukuliwa kwa zamu, uzazi kwa uzazi: wa kwanza wa mkubwa kwa umri, wa pili wa mdogo, kisha zamu inarudi tena kwa mkubwa. Jike likizaliwa katika zamu yako, umepata mwanzo wa kundi. Dume likizaliwa, unalilisha kidogo, unaliuza kwa mchinjaji, unanunua nguo. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichomo tumboni. Mwezi wa tano mimi na Furaha tulinunua ng'ombe mwekundu, mwenye mimba tayari, tukamwita Rosa. Nusu yangu niliipata kwa kujinyima kila kitu: sikununua kitenge, sikununua viatu, na nilimkaripia Furaha kila aliponunua mafuta ya kupaka. "Espe," aliniambia, "weye unaweza kukufa na njaa juu ya mufuko ya maharage." Lakini naye alijinyima kwa namna yake, kwa kuteseka, kwa sababu alikuwa mtu wa kutoa. Kitandani tulipanga mambo. Majike tungeyaacha yazae, madume tungeuza, na tukifika miaka arobaini tusingefanya kazi tena. "Nataka siku moja nikae juu ya kiti," Furaha alisema, "niulize tu: leo iko chakula gani?" Rosa alichungwa pamoja na ng'ombe wa mzee na Papa Kalinda, mchungaji wa makamo aliyekuwa shahidi wetu tulipopeana mikono, maana ng'ombe wa wawili hawezi kuwa bila shahidi.

Mwezi wa nane alikuja mfanyabiashara wa Mubi kununua fromaji. Alikula nasi jikoni, akasifu maharage ya Furaha, akamwambia anapoteza wakati hapa. "Ku Mubi sahani ya maharage iko bei ya kuku ya hapa," akasema. "Watu wanatoka ku mugodi na njaa, hawana bibi wa kuwapikia. Mwanamuke mwenye sufuria mbili, mwaka moja tu anajenga." Niliona uso wa Furaha ukibadilika. Kesho yake, tukiwa tunapangusa rafu ya juu, alisema: "Espe, miye naenda." Nikamuuliza, na Rosa je? "Rosa itabakia na weye. Unikopeshe ya sufuria na ya njia, nitarudisha mbele ya Noeli." Pesa nilikuwa nazo, katika kopo la maziwa chini ya kitanda tulicholala wote wawili. Naye alijua ziko pale. "Sikopeshi mutu," nikasema. "Lakini naweza kununua ndama ya zamu yako."

Aliacha kupangusa. "Ndama ya kwanza?"

"Ndama ya kwanza. Nakupa ya sufuria mbili na ya njia."

"Na kama iko jike?"

"Kama iko jike, ni yangu. Kama iko dume, ni yangu vilevile."

Alicheka, akanipiga bega kwa kitambaa cha chumvi. "Weye utakuwa tajiri, mutu mubaya weye!" Tulikwenda kwa Papa Kalinda, tukapeana mikono mbele yake. Bei niliyotoa ilikuwa ndogo, na niliiita biashara. Leo naiita jina lake: rafiki yangu alikuwa na haraka, nami nikapima haraka yake. Ningeweza kumkopesha. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu vijana wa kanisa wanaponiuliza kanuni zangu, hiyo ya kutokopesha huwa naitaja ya kwanza.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja mvua ilipokatika, Papa Kalinda aliniita kwa sauti kutoka malishoni. Nilishuka mbio na aproni ya kazi. Ndama alikuwa ameshasimama, mwekundu, miguu minene, jike. Nilipiga magoti katika majani yaliyolowa nikamshukuru Mungu kwa sauti, na kabla sijamaliza Rosa akalala tena, akasukuma, akatoka wa pili. Huyo alikuwa mdogo, mwembamba, hana nguvu ya kuinua kichwa. Papa Kalinda alimgeuza, akamtazama, akaanza kucheka peke yake. "Jike tena! Miaka yangu yote mu ngombe sijaona hivi mara tatu." Alimpangusa kwa majani, akaniambia bila kunitazama, kama mtu anayesema jambo lisilo na ubishi: "Yenye ulinunua iko moja. Zamu iko ya Furaha, hii ni yake. Umutumie habari."

"Nitatuma, Papa," nikajibu, na wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Sikutuma siku hiyo, kwa kuwa yule mdogo alionekana wa kufa. Nilijiuliza faida gani kumpa mtu furaha leo na msiba kesho. Nikaanza kumlea. Alfajiri kabla ya kazi, na tena baada ya kazi, nilimnywesha kwa chupa niliyoiziba kwa kitambaa, tone kwa tone. Nilimfunika kwa kitenge changu cha pekee. Nilichemsha maji, nikamkanda miguu. Wiki ya tatu alisimama, wiki ya nne alikimbia nyuma yangu mpaka mlango wa ghala, na Mama Beatrice akasema sijawahi kumpenda mtu namna hiyo. Hapo ndipo wazo liliponiingia. Nilijiambia kwamba bahati ilileta ndama, lakini kazi yangu ndiyo iliyomfanya aishi, na kwamba Furaha angekuwapo, kwa uvivu wake wa kugeuza mafromaji, ndama angekufa. Nilijiambia kwa utaratibu, kila siku, kama nilivyogeuza fromaji, hadi nikaamini. Yule mfanyabiashara alipokuja tena, mikono yangu ilikuwa imelowa maji ya chumvi. "Furaha anakusalimia," akasema. "Anauliza kama Rosa ilizala." Sikuacha kupangusa. Nikasema: "Mwambie ilizala. Jike moja." "Moja," akarudia, apate kukumbuka, akanunua mzigo wake, akaondoka. Papa Kalinda aliponiuliza kama nimetuma habari, nilimjibu kwamba nimetuma. Akasema, "Njo vizuri," na mwisho wa mwaka alihamia kwa watoto wake, hatukuonana tena.

Mwaka uliofuata zamu yangu ilileta dume, nikaliuza; mwaka wa tatu zamu ya Furaha ikafika, na Rosa akazaa dume tena. Nililiuza nikamtumia pesa zote, bila kupunguza hata senti, na nilijivunia uaminifu wangu! Rosa mwenyewe alikufa kwa homa. Kisha, masika yaliyofuata, radi ilipiga kilimani ikaua ng'ombe watatu wa Papa Donatien na mmoja wangu: yule mkubwa mwenye miguu minene, ndama niliyemnunua kwa mkono wangu mbele ya shahidi. Alikuwa hajazaa hata mara moja. Akabaki mdogo. Na mdogo akazaa jike, na jike likazaa jike, hadi wakafika kumi na saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka kwingine. Marehemu mume wangu alipohamishiwa Goma kwa kazi, niliwauza wote huku nalalamika, nikanunua viwanja. Miezi michache baadaye bunduki zikapanda vilimani na ng'ombe wa majirani wakaliwa hadi wa mwisho. Papa Donatien, pamoja na kuacha bière na tumbaku, alifia katika nyumba ya kupanga ya mtu mwingine. Mbele ya vijana huwa nasema kwamba niliona mbele. Sikuona kitu. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya kuhama.

Furaha alipika Mubi miezi mitano, na watu walimpenda. Halafu moto ulianza mwisho wa mtaa mmoja, ukala nyumba za mbao zote, na sufuria mbili zikaondoka na zingine. Aliolewa na mkulima wa Kibua aliyekuwa akileta mafuta ya mawese, akaenda kulima muhogo na karanga. Alinitembelea Goma mara moja tu. Alileta karanga nusu gunia, akakaa sebuleni kwangu ukingoni mwa kiti, akawaambia watoto wangu: "Muangalie mama yenu. Tulianza naye na ngombe moja. Yeye alivumilia, miye nilishindwa miezi mbili. Miezi mbili tu! Ile jike ingekuwa yangu." Alisema akicheka, lakini alijigonga kifua kwa ngumi, si kwa mchezo. Watoto wangu wakatikisa kichwa kama waliosikia mahubiri. Nilikuwa na mdomo, nikaunywea chai. Alipoondoka nilimpa kitenge na pesa ya njia, akavipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka kwenye lango. Ile shukrani yake inanichoma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Safari ya Kibua siku hizi watu wanaiombea kabla ya kuianza. Nilifika kwa pikipiki asubuhi ya mazishi, tope limepanda hadi magotini. Jeneza lilikuwa uani chini ya turubai, na wanawake walikuwa wamelizunguka wakiimba. Sifa alinipokea, akanipeleka jikoni kunawa na kula. Alinipa bugali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, akaketi mbele yangu akikwangua sufuria, na mikono yake ilikuwa ya mama yake kabisa. "Mama mudogo," akasema, "pasteur atakupa nafasi mbele ya kuzika. Utusimulie ile ya ngombe. Watu wa hapa wanaijua toka kwa mama, lakini hawajaisikia toka mu kinywa yako. Vijana wasikie disiplini." Nikamuuliza mama yake alikuwa akiisimulia vipi. "Alisema weye ulivumilia, yeye hapana. Alisema iko ku damu. Miye nilitaka kufanya biashara ya mawese ku Mubi, mutu alikuwa tayari kunipa bido kumi nianze nazo. Mama akakataa. Akasema sisi hatuna ile roho ya kungoya, tubakie na muhogo. Nikaacha." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia.

Nikarudisha tonge la bugali sahanini. "Sifa," nikasema, "zilikuwa mbili."

"Nini njo ilikuwa mbili?"

Nikamweleza. Nilimweleza asubuhi ya mvua, Papa Kalinda na maneno yake, chupa na kitenge, mfanyabiashara, radi. Sikuacha kitu. Aliendelea kukwangua sufuria ambayo ilikuwa imeshakwanguka, kisha akaiweka chini.

"Yenye ilibakia ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yako."

"Na zile nyumba za Goma?"

"Zilitoka humo."

Nikamwambia kwamba nitamwandikia vyumba vitano, kwamba makaratasi yatatengenezwa juma hilo hilo, kwamba sitaki ashukuru. "Nitavichukua," akasema. "Siwezi kusema hapana, niko na watoto. Lakini haukuniibia miye, mama mudogo. Mama alikuwa anajiita mujinga kila siku ya Mungu. Akichoka ku shamba, mujinga. Tukikosa ya masomo, mujinga. Kila siku, mpaka juzi. Ile utairudisha kwa nani?" Akasimama, akajifuta mikono, akasema pasteur anaita.

Nilisimama mahali waliponionyesha. Vijana walikuwa wamewekwa mbele makusudi, wengine wameketi juu ya magogo, wananitazama kwa ile heshima ninayoijua. Niliyafungua yale maneno yangu ya kila siku, yakakataa kutoka. Ndipo nikawapa watu mgongo, nikapiga magoti kando ya jeneza, nikaweka kiganja juu ya mbao. "Furaha, dada yangu," nikasema, "zilikuwa mbili. Zote majike. Ya pili ilikuwa yako, nami niliificha. Haukushindwa kitu. Haukukosa miezi mbili. Mujinga haukuwa weye." Nyuma yangu mtu akamuuliza mwenzake nimesema nini, kwa hiyo nikayarudia yote kwa sauti kubwa, tangu mwanzo, hadi watu wa mwisho kabisa kwenye uzio wakasikia. Kibua nzima ilisikia siku hiyo. Furaha hakusikia.